Nankafu Wawili

Wale vijana wawili wa komite ya mazishi walinikuta niko nachambua muchele wa Luberizi kwenye sahani kubwa, ule muchele wenye mawe mengi lakini utamu wake hauna mwenzake, na hawakungoja nimalize. Walivaa kravati nyeusi, viatu vyao vimejaa matope ya kwetu, na mumoja alishika karatasi mbele yake sawa padiri anashika kitabu. Wakasema Mwami, mufalme wetu, amekufa. Nilikuwa nimekwisha kusikia kwa redio na kwa majirani, lakini niliwaacha waseme, juu kifo cha mukubwa kinatangazwa na mutu amesimama. Kisha yule wa karatasi akasema komite imeniwekea kiti mbele, mustari wa kwanza, pamoja na maaskofu na wabunge, na nitapewa dakika tano za kutoa ushuhuda. Aliniita Maman Shujaa. Kwa kifaransa alisema neno lingine, eroini, na nilimuomba alirudilie. Haikuwa juu sikusikia. Nilitaka kuona kama atalisema mara ya pili bila kucheka. Hakucheka. Vijana wa leo, mutu asiseme hawana heshima.

Watu wa Bukavu wananijua kwa jambo moja. Nimezaa watoto saba, nimeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni mupaka vidole vikakataa kunyooka, hayo hakuna anayeyakumbuka. Wanachokumbuka ni kwamba nikiwa musichana wa miaka kumi na nane nilimuvusha mutoto wa Mwami kwenye ziwa, amevaa kikwembe sawa mwanamuke, amebeba muzigo wa makaa mugongoni, na askari wakamutazama na hawakumujua. Iko kweli. Nilifanya. Lakini nikisimuliaka habari ile, ninaisimulia sawa mutu anakula samaki mbele ya wageni: nyama anaionyesha, miiba anaificha pembeni ya sahani.

Na siku ile ile, komite haijafika hata kwenye barabara, simu ya mujukuu wangu ikalia. Alikuwa Nsimire wa Katana. Huyu Nsimire ni mudogo wa Nankafu, na Nankafu ndiye mwanamuke aliyebebaka mizigo ya nyumba yetu mwaka ule. Nsimire amezeeka sasa, sauti yake inatetemeka, lakini siku ile ilikuwa na furaha ndani. Akasema, akiniita yaya vile tunaita dada mukubwa: "Yaya Feza, sasa Mwami amekufa, Nankafu lazima atarudi kumuzika. Nitakuja asubui ya mazishi. Utanionyesha pale atakaa." Nikamujibu karibu. Nikarudi kwa muchele wangu, na sikuona tena tofauti ya jiwe na punje. Nankafu hatakuja. Kati ya watu wenye kuwa hai, miye peke yangu ninajua hatakuja, na Nsimire anamungoja tangu tulipokuwa sisi wote wasichana.

Sitaeleza nilizaliwa wapi na baba alikuwa nani, hiyo haisaidie mutu. Tuanze kwa nyumba. Nyumba ya Tante Véro, shangazi yangu aliyenikalisha, ilikuwa Muhumba, hapa Bukavu, nyumba ya wazungu wa zamani, na dirisha la jikoni lilitazama ziwa. Kati ya jikoni na chumba cha kulia kulikuwa tundu ukutani la kupitishia sahani, na tundu lile lilinisomesha kuliko masera, wale watawa wa shule. Kwa masera nilimaliza miaka mitatu tu. Kwenye tundu nilisimama mwaka muzima, sahani mukononi, nikisikiliza. Kila siku ya Mungu, kisha misa, ajida, mukubwa wa askari, alikuja kula kwetu, juu Tonton Albert, bwana ya Tante, ndiye aliandika lese-pase, zile karatasi za kuruhusu watu kutoka muji, na ajida ndiye alizipiga muhuri. Alipenda sambaza za kukaanga na pilipili, alizikula na vichwa vyake. Siku moja nilimusikia akisema, kinywa kimejaa, kwamba mutoto wa Mwami ni sawa sambaza, unatupa wavu mukubwa na yeye anapitia kwenye tundu. Kisha akasema haizuru, watakausha ziwa. Tonton akacheka. Nilijua kicheko kile, kilikuwa cha mutu anayeomba chumvi kwa nyumba ambayo inamuogopesha.

Askari wa nani, sitasema, wamepita wengi huku na kila mumoja alikula kuku zetu. Mwami muzee alikuwa amekufa, na wao wakaweka mutu wao kwenye kiti. Lakini kwetu kiti cha Mwami kinakaliwa na damu, na mwenye damu alikuwa Désiré, mutoto wake, Mwami huyu tunayemuzika sasa, wakati ule mwanafunzi hapa muji. Alikuwa kijana murefu, mabega yamekunjuka, macho ya mutu ambaye hajawahi kuambiwa ngoja. Kila bariyere, pale askari wanazuia watu njiani, ilikuwa na picha yake. Wangemupata, asingeona mwezi unaofuata, hata watoto walijua.

Aliingia kwetu nyuma ya Nankafu. Nankafu alipandaka kutoka sokoni na gunia la makaa mugongoni, kamba kwenye paji la uso, vile wanawake wa Bushi wanabeba, wamejikunja mupaka kifua kinakaribia magoti. Kamba ilikuwa imemuchimbia mufereji kwenye paji, ungeweza kulaza kidole ndani. Akitembea na muzigo alivuta pumuzi kwa meno, fiii, fiii, na sisi jikoni tulijua anakuja mbele hajafika. Sikio langu halijaachana na sauti ile. Hata leo, saa sita ya mchana, wanawake wakipanda na mizigo mbele ya nyumba yangu, nikisikia fiii ninasimama. Ninatoka mupaka kwa mulango. Siangaliake sura zao, ninaangalia paji tu, na ninarudi ndani. Wajukuu wanasema Koko anahesabu wapita njia.

Siku ile nyuma yake alikuwa kijana amevaa koti la kazi limechanika, kofia imeshuka. Tante aligeuka na muiko mukononi, akamuona, na muiko ukaanguka. Akapiga magoti pale pale kwenye majivu, akakunja viganja sawa vikombe, akapiga makofi polepole, mara tatu. Kwetu Mwami na damu yake wanasalimiwa vile. Makofi ile haifanane na ya furaha, ina sauti ya chini, sawa mutu anagonga ndani ya mutungi. Miye mutoto wa muji sikuwahi kuiona ndani ya jikoni. Nankafu alikuwa bado amejikunja chini ya gunia. Akasema, "Maman, acha makofi. Makofi inapita madirisha. Nisaidie kutula kwanza." Yaani nisaidie kuweka muzigo chini. Mwanamuke mwenye kamba kichwani hawezi kutula peke yake, lazima mwenzake amushikie. Na Tante, ambaye hakushikaka gunia la makaa tangu aolewe, alimushikia.

Mambo mengine niliyasikia kwa tundu. Tonton alisema kwa sauti ndogo kama kuna njia moja tu. Bibi mumoja wa Tante alikuwa mugonjwa kule hopitali ya Katana, na wote wanajua hopitali inatoa dawa lakini chakula ni ya jamaa, lazima mutu aende na sufuria, bunga na makaa. Gadi-malade, tunaita. Basi Feza ataenda gadi-malade, na mufanyakazi wa kike amubebee. Tante akauliza mufanyakazi gani. Tonton akasema, kuna liste kwenye mulango. Askari walikuwa wamebandika kwenye kila mulango liste ya watu wa nyumba, na lese-pase ilipimwa na liste. Kwetu kulikuwa majina ine. Tonton, Tante, miye, na Nankafu, juu alilalaka kwetu kwenye boyeri, nyumba ndogo ya nyuma. Hawangeweza kuvumbua mutu. Ilibidi wakope jina la mutu muzima.

Wakamuita. Nilipitisha chai kwa tundu ili nione. Nankafu hakukaa, alisimama karibu na mulango, murefu, akijikuna mufereji wa paji. Tonton alieleza na kifaransa kingi, vile alifanyaka akiogopa. Nankafu akamungoja amalize, kisha akacheka.

"Jina langu halijapanda boti hata siku moja," akasema. "Liende litembee." Kisha hakucheka tena. "Lakini munirudishie siku ya pili. Bila jina siwezi kupita hata kwenda kuteka maji."

Walipanga vizuri, nasema kweli. Asubui ya safari Nankafu atatoka nyumbani mbele yetu, kwa kanjia ka nyuma, kusudi ajida akikuja asikute Nankafu wawili. Atakaa kwa mwanamuke mwenzake, mubeba mizigo, kule chini kwenye bichi, ndivyo tunaita mahali boti zinafunga. Miye nitashuka Katana na Désiré, pirogi, mutumbwi wa wavuvi, itatupeleka kisiwa cha Idjwi usiku haujaingia, kwa wajomba wake, na siku ya pili nitarudi. Nankafu atakuwa ananingoja pale boti inafunga. Tutapita mbele ya askari sisi wawili, na karatasi moja, vile tulitoka. Tante aliniapisha kwa rozari. Nilimuambia Nankafu mwenyewe, uso kwa uso: siku ya pili, Yaya. Akanigonga kichwani na kidole, akasema musichana wa muji anaapa mingi.

Siku sita Nankafu alimufundisha Désiré kuwa yeye, kule kwenye boyeri, na nilikuwa naleta chakula nikikawia kusudi. Chumba kile kilikuwa na kitanda kimoja, sanamu ya Bikira Maria na harufu ya makaa na sombe. Mutoto wa Mwami alikula bugali na lenga-lenga kwenye sahani ya bati, akasema ni tamu, na Nankafu akamuambia usiseme tamu, sema aksanti, tamu ni ya wenye kuchagua. Siku ya kwanza alimufungia kikwembe na kumubebesha gunia nusu. Alitembea kutoka kitandani mupaka mulangoni na Nankafu akashika tumbo kwa kucheka. "Unatembea sawa mutu anaenda kuhesabu ngombe za baba yake," akamuambia. "Miguu fupi. Fupi. Angalia chini. Sisi hatuonake milima, tunaona visigino vya mwenye kuwa mbele." Alipochoka akakaa kwenye kiti kidogo cha mbao, na Nankafu akakivuta chini yake. "Mwanamuke gani anakaa kwenye kiti na muzigo wake uko chini?" Désiré alianguka juu ya sakafu, na nikaogopa, juu damu ya Mwami haiangushwe. Aliangalia kiti mukononi mwa Nankafu. Kisha akanyoosha miguu mbele yake vile wanawake wanakaa, akauliza, "Hivi?" Nankafu akasema hivi.

Paji ndilo lilikuwa tatizo. Askari mwenye mama mubeba mizigo, na walikuwa wengi, anajua kuangalia paji. Mufereji ule unachimbwa na miaka, hauchimbwe na siku sita. Nankafu alimupakaza majivu na mafuta, akamukaza kamba yake mwenyewe, ile nyeusi iliyokwisha kulainika kwa jasho, mupaka ngozi ikavimba pande mbili na katikati ikabonyea. Akamuambia usiitoe hata ukilala. Nilimuona Nankafu siku zile akitembea bila kamba, akishikashika paji, sawa mutu aliyesahau kitu.

Sasa nieleze bichi, na hapa ndipo mwiba wa kwanza. Tulishuka asubui. Désiré alikuwa amefungwa kitambaa kwenye shavu, tutasema jino, kusudi asiseme neno. Askari alikuwa na meza na kitabu. Akasoma karatasi, akaandika Feza, akaandika Nankafu. Akauliza anabeba nini. Nikasema makaa na bunga, chef, tunaenda gadi-malade. Akatikisa kichwa tupite. Tulikuwa tumebakisha hatua kumi kufika kwa boti. Pembeni kulikuwa bibi kizee wa ndizi, amekaa chini, na mutu aliyejikunja chini ya muzigo anaficha sura yake kwa wote wenye kusimama, lakini hamufiche mwenye kukaa chini. Bibi aliinua macho. Nilimuona akimujua. Na miguu yake, mikono yake, havikumuuliza ruhusa: akapiga magoti mbele ya ndizi zake, akakunja viganja, akapiga makofi. Moja. Mbili. Tatu. Hakukuwa ubaya kwa moyo wake. Alifanya vile mama yake alimufundisha mbele ya kumufundisha kusema. Askari akainua kichwa kutoka kwa kitabu. Désiré akasimama, juu mutu wa damu akipigiwa makofi anasimama, naye alikuwa amesahau yeye ni Nankafu.

Kila mara nikisimulia, hapa ninasema nilianzisha wimbo. Mumenisikia wote, kwenye harusi, kwenye kanisa, hata kwenye redio walinirekodi. Nilisema akili ilinijia, nikaanza wimbo wa Bikira Maria na makofi, na wanawake wote wakaitikia. Si kweli. Miye nilibaki nimeshika karatasi tu. Sauti ilitoka nyuma, kati ya wabeba mizigo, sauti nzito, na makofi makubwa ya kanisa, haraka haraka, yakafunika yale ya bibi. Ilikuwa Nankafu, amejifunika kikwembe cha mutu. Wanawake wakadaka wimbo, hata wenye kuuza, hata bibi wa ndizi, na makofi yake yakapotea ndani ya makofi ya watu makumi tano. Askari akasonya. Akasema, "Bamama, mutaombea ndani ya boti." Nikamusukuma Désiré mugongoni, miguu fupi, fupi, tukaingia. Boti ilipotoka niligeuka. Nankafu alikuwa bado anapiga makofi na kuimba, na hakuniangalia, aliangalia maji. Ni mara ya mwisho nilimuona.

Idjwi tulifika vizuri. Mwiba wa pili ni huu, na ndio ulininyima usingizi wa miaka. Wajomba wa Désiré walinipokea katika nyumba kubwa ya majani, chini wametandika nyasi mbichi, na walinipa kiti. Miye, musichana ambaye kwa Tante sikukaa hata siku moja kwenye fotei, kiti laini cha salo. Walinipa maziwa kwa kibuyu, nyama ya mbuzi, samaki wakubwa wa kuchoma ndani ya majani ya ndizi. Asubui wanawake wa pale walikuja mulangoni, wakapiga magoti, wakanipigia makofi. Yale ya vikombe, ya Mwami. Walisema ndiye huyu amebeba damu yetu kuvuka maji. Sikuwaambia nani alibeba na nani alifundisha. Nilikaa wima. Papa Bahati, mwenye pirogi, alikuja siku ya pili na kafi begani, akasema, "Mademoazele, ziwa limetulia, tuende?" Nikamuambia kesho. Siku ya tatu akasema tena, ziwa limetulia. Nikasema ninaumwa kichwa. Kichwa hakikuuma. Walikuwa wanachinja mbuzi mwingine. Siku ya ine Désiré mwenyewe aliniuliza kama yule mwanamuke wa makaa haningojei. Nikaona haya, na hapo ndipo nilipanda pirogi. Watu wakiniuliza mbona nilikawia, nimesemaka upepo. Hakukuwa upepo. Maji yalikuwa sawa sahani.

Pirogi iliniacha Katana, boti ikanileta Bukavu, na Nankafu hakuwa kwenye bichi. Niliteremka na karatasi mukononi, nikaangalia wanawake wote wenye kukaa, paji kwa paji. Askari akafungua kitabu. Akasema hapa wametoka wawili, mwingine wapi. Na nyuma yake nilimuona mwenzake Nankafu, yule aliyemulalisha, ananitikisia kichwa polepole, hapana, hapana. Basi nikasema amebaki Katana na mugonjwa. Askari akaandika. Ilikuwa neno moja ndani ya kitabu, lakini kwa neno lile nilimuweka Nankafu ng'ambo ya ziwa, muzima, na sijawahi kumutoa huko.

Wale wanawake waliniambia nyuma ya vikapu. Alishuka siku ya pili, akangoja boti ya asubui na ya mangaribi. Akashuka tena. Askari walianza kumuona, mwanamuke mwenye nguvu asiyebeba kitu, anasimama kila boti ikifunga. Wakamuuliza jina. Wote walisikia alichojibu. Alisema, "Miye si Nankafu." Hawakuwa hata wametaja Nankafu. Wakauliza basi weye nani, karatasi iko wapi, na akasema hana jina, hana karatasi, ni mubeba mizigo tu. Walimupandisha kwenye kamio, lori ya askari, pamoja na wengine waliokosa karatasi. Mumoja aliniambia ilikuwa jana. Mwingine akasema hapana, siku ya soko. Wa tatu akasema ilikuwa mbele ya hapo, na kwamba aliyeshuka siku zingine ni mwanamuke mwingine. Nyumba yetu hakuna askari aliyekuja kuisumbua. Siku ya Mungu iliyofuata ajida alikula sambaza zake na vichwa. Nilisimama kwa tundu na nikaelewa kama Nankafu hakusema kitu, mahali popote walimupeleka, na mupaka mwisho wowote aliupata.

Tonton alitafuta kidogo, kwa kuogopa. Kisha akaacha. Wakati Nsimire alishuka kutoka Katana kuuliza ndugu yake, alikuwa kisichana cha miaka kumi na tano, ameleta viazi ndani ya kikapu, na Tante alimukalisha jikoni, akamuambia kwa sikio kama Nankafu amevuka na mutoto wa Mwami, ameenda mbali pamoja naye, ni siri, asiseme kwa mutu. Uso wa kisichana ukaangaza. Akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Tante aliniambia kisha kwamba uongo ule ni blanketi. Tante amekufa, Tonton amekufa. Désiré alirudi, askari wakiwa wameondoka, akakaa kwenye kiti chake na akazeekea pale, na mara moja, kwenye karamu, aliinama kwangu akauliza, "Yule mwanamuke wa makaa, yuko?" Nikasema yuko. Akasema nimusalimie.

Asubui ya mazishi Nsimire alifika mapema, amevaa kikwembe kipya, mafuta yanangaa kwenye uso, na ameleta kikapu. Nilimukalisha chumbani kwangu, nikampa chai na mandazi. Aliuliza kama Nankafu atakuwa mustari wa kwanza ao wa pili. Aliuliza kama atakuwa amenenepa. Kisha akashusha kikombe na akaniambia neno ambalo sikulitazamia. "Yaya Feza, nimemutukana miaka yote," akasema. "Nimewaambia watoto wangu, shangazi yenu alipanda kwa baluzi, watu wa ukoo wa Mwami, akaona sisi ni uchafu. Mama amekufa akimuita, hakutuma hata salamu. Nimekuja nimuombe masamaha, ao nimupige, sijui. Nitajua nikimuona."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu siku mbili, yote yalikimbia. Nikamueleza hivi nilivyoeleza hapa, na wimbo, na kiti, na mbuzi wa pili. Sikusema upepo.  Nsimire alikuwa ameshika andazi moja na hakuliuma, na nilipofika mahali Nankafu anasema miye si Nankafu, alilirudisha kwenye sahani na kufunga macho.

Gari la komite likapiga honi inje. Yule kijana wa karatasi akaingia mupaka kwa mulango, akasema Maman Shujaa, tumechelewa, maaskofu wamekwisha kukaa. Nikamuambia siendi, niko kwenye kilio.

"Ndiyo, Maman," akasema, "njo kwa kilio tunakupeleka."

"Haiko ile."

Aliangalia ndani, akaona bibi wawili na chai, hakuona maiti, hakuona hata picha. Alisimama na karatasi yake, kisha akainamisha kichwa, akaenda. Nilisikia gari likigeuka kwenye mawe. Niliporudi Nsimire alikuwa ameshuka kutoka kwa kiti, amekaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake. Nikashuka pia, na magoti yangu hayashukake kirahisi. Hakunisaidia.

"Siku gani?" akauliza. Kwetu mufu analiliwa kwa siku yake, siku ndiyo mulango.

Nikamuambia sijui. Nikamuambia wanawake wa bichi kila mumoja alitaja yake, na miye nilikuwa Idjwi, nimekaa. Ni moja ya zile siku ine, nikasema, hata hiyo siwezi kukupa.

Nsimire alihesabu kwa vidole mupaka ine. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, nywele zote nyeupe, akakiweka pembeni yake.

"Basi tutamulilia zote ine," akasema. "Hii ndiyo ya kwanza. Na weye hutatoka hapa mupaka ya ine iishe."

Akaanza, na alimuita kwa jina.